Nataka Kumuona Akikimbia

Mama alipotoka kwa daktari wa macho hakulia. Niliyelia ni mimi, tena mbele za watu, pale nje walipokaa wagonjwa na kadi zao mikononi. Daktari alikuwa ametueleza kwa upole kwamba sukari imemharibu mama ndani ya macho, dawa zitachelewesha tu, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwombea dua yeye na wazazi wake. Tulipofika nje akanipapasa mkono.

"Usinililie, mimi sijafa," akasema. "Hebu sikiliza ninachotaka kukiona kabla macho hayajafunga."

Nilidhani atasema Makka. Nilishaanza kuwafikiria jamaa wa kuwaendea kuomba nauli, na aibu nitakayoibeba mpaka mlangoni kwao.

"Nataka kumuona mdogo wako akikimbia."

Mdogo wangu ni marehemu. Aligongwa na lori kwenye barabara ya Lunga Lunga, amepanda bodaboda, anarudi nyumbani Msambweni kutoka karakana ya useremala alikokuwa akifanya kazi. Picha zake tunazo chache. Iko ya kitambulisho, ambamo anatazama kama mtu aliyekamatwa. Iko ya harusi ya binamu yetu, amesimama nyuma, nusu ya uso imezibwa na kilemba cha mtu. Simu yake ilisagika pamoja naye, na yaliyokuwa ndani ya simu yakaenda. Hatuna hata video moja anamotembea, au anamogeuka ukimwita. Mahali pamoja tu ndipo anapokimbia, napo ni ndani ya gemu.

Najua mtu mzima akisikia hivi ataniona nimechanganyikiwa. Ngoja nieleze.

Marehemu alikuwa na mashine ya gemu, ile ya zamani, nyeusi na nzito, ya sidii na pedi zenye waya. Aliinunua kwa mtu Ukunda, imeshatumika. Kila siku akitoka kazini, akishaswali laasiri, alikaa sakafuni mbele ya televisheni yetu ya kichogo akacheza mpira. Gemu ile ilimruhusu mtu kutengeneza wachezaji wake mwenyewe: kimo, rangi, pua, nywele, mpaka namna ya kukimbia. Basi akatengeneza timu ya nyumba yetu. Timu aliipa jina la mama. Mimi aliniweka golini, kwa sababu, alisema, golini panataka mtu mgomvi. Gemu haikuwa na wanawake, kwa hiyo nikawa jibaba lenye kipara, jina langu limeandikwa mgongoni. Nilimnunia wiki nzima, na kila nikimnunia akasema unaona, ndiyo maana nimekuweka golini.

Yeye mwenyewe alijifanya winga wa kulia. Alikaa na kioo cha mama mkononi, anajitazama, anabonyeza, anajitazama tena. Alipofika kwenye namna ya kukimbia alitoka uani, akakimbia kutoka kisimani mpaka ukutani, akaniuliza mikono yake inakaaje. Nikamwambia inaning'inia kama ya mtu aliyebeba ndoo mbili. Akacheka, akarudi ndani, akatafuta mtindo wa mikono inayoning'inia mpaka akaupata. Na kweli, yule mtu wa ndani ya gemu alikimbia kama yeye hasa. Mama alikuwa akikaa kwenye mkeka akisuka ukili wake, hajui sheria hata moja ya mpira, lakini alimjua mwanawe katikati ya kundi zima, na alimtupia jicho kila baada ya misuko miwili mitatu.

Kisha akamtengeneza baba. Baba alifariki mdogo wangu akiwa bado ananyonya, hakumjua. Akawa anamuuliza mama: alikuwa mrefu? Mweusi kunishinda? Mama anajibu huku anasuka: mrefu, bega la kushoto limeshuka kidogo, kichwa anakiinamisha mbele. Alipomaliza, mama alitazama, akasema, "Pua siyo." Wakarekebisha pua. Lakini mdogo wangu hakumchezesha baba hata mechi moja. Alimweka benchi siku zote.

"Mzee simkimbizi," alisema. "Atutazame tu."

Alipokufa, mambo yalikwenda kama yanavyokwenda kwetu. Wanawake hawaendi makaburini. Mama alisimama kwenye mlango wa uani, ameshikwa huku na huku, akaona jeneza likiinuliwa, akaona migongo ya kanzu, kisha kona ya ukuta wa jirani ikawaficha. Wanaume waliporudi walikuwa na udongo kwenye miguu. Watu wote mle ndani walikuwa wakisema Inna lillahi, na mama alifungua mdomo kusema nao, maneno hayakutoka. Baadaye sana, tukiwa wawili, aliniambia, "Mimi nilimwona akichukuliwa. Sikumwona akienda." Nikaendelea kuchambua mchele.

Baada ya arobaini tulitoa nguo zake sadaka. Nikataka na gemu itoke, kwa maana sikuweza kupita karibu nayo. Mama akasema, "Hiyo niachieni." Akaiweka kwenye kabati la vyombo, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma. Na kila Alhamisi kabla ya magharibi akawa anaifukiza. Kwetu husemwa kwamba usiku wa kuamkia Ijumaa marehemu huja kuwatazama watu wao, husimama mlangoni waone kama wanakumbukwa. Kwa hiyo mama hutia makaa kwenye chetezo, hutia ubani, huanza mlangoni, huenda kitandani kwa marehemu, humalizia kabatini. Hapo alikuwa akikiingiza chetezo chini ya ile mashine, akateremsha kitambaa juu yake, kama anavyofukiza nguo za sikukuu. Moshi ukatoka kwenye matundu ya ubavuni. Hakuna aliyeiwasha tangu mwenyewe alipoondoka. Ilifukizwa tu, Alhamisi baada ya Alhamisi, kwa miaka.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia mama wakati ule. Nilikuwa nikisikia vidole vyake. Mchana kweupe, niko jikoni, nikasikia kutoka sebuleni ule mlio wa pedi ikibonyezwa, tik, tik-tik, tik. Nikajiambia ni mjusi. Sebuleni kuna mijusi, na mijusi hulia hivyo. Lakini siku moja nikiwa nafagia niliitwa. Niliitwa kwa jina langu, kwa ile sauti yake ya kulivuta jina mwishoni, kutoka upande wa kabati. Mama alitufundisha tangu utotoni: ukiitwa na humwoni anayekuita, usiitike mwito wa kwanza. Ngoja. Aliye hai ataita tena. Basi niliganda na ufagio mkononi, nywele zimenisisimka, nikangoja mwito wa pili. Haukuja. Nilimaliza kufagia nikalia, na sijui mpaka leo kama nililia kwa hofu au kwa sababu hakuita tena.

Ndiyo maana mama aliposema anataka kumuona akikimbia, niliogopa. Nilitamani aseme Makka.

Televisheni ya kichogo ilikuwa imeshakufa, chumvi iliila kwa ndani kama inavyokula kila kitu huku kwetu. Nikanunua mpya, bapa, pana, ya kutundikwa ukutani. Nilijiona hodari. Mimi hutandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, na kila siku huwasha televisheni za wageni, hujua rimoti za kila namna. Nilisema kuunganisha gemu ni kazi ya dakika tu. Nikaitoa mashine kabatini, nikaipangusa, nikazishika zile waya tatu, ya njano, nyeupe na nyekundu, nikaenda nyuma ya televisheni kutafuta matundu yake.

Hakukuwa na tundu la njano. Hakukuwa na jeupe wala jekundu. Kulikuwa na matundu mawili bapa, kama midomo iliyofumbwa, na lingine dogo la kuchomeka flashi. Nilizunguka televisheni ile kama kuku anayetaka kutaga. Wahenga wamesema usiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao wangu nilishaupeleka kwa mtu wa vyuma chakavu.

"Yuko?" mama akauliza kutoka kwenye mkeka. Alikuwa amevaa kanga mpya.

"Bado, mama. Waya haziingii."

"Zilikuwa zikiingia."

"Zilikuwa zikiingia kwenye ile ya zamani."

Mama akasema, "Haya," akabaki amekaa vile vile ameelekea ukutani. Jambo hilo liliniumiza kuliko kama angenigombeza.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi mmoja Ukunda, kijana wa bara, duka lake limejaa vifuniko vya simu mpaka dari. Nikamweleza. Hakuniacha hata nimalize.

"Madam, hiyo ni kitu rahisi sana. Hii waya inamaliza hiyo maneno." Akanipa waya yenye mdomo bapa upande mmoja na zile rangi tatu upande wa pili. Niliitazama nikafurahi, kwa kuwa ilionekana kama jibu lenyewe. Nilifika nyumbani mbio, nikachomeka, nikawasha mashine. Taa yake ya kijani ikawaka. Feni ikaanza kuvuma. Ule uvumi tu ulitosha kumfanya mama ainue kichwa, maana alikuwa hajausikia tangu siku zile. Lakini televisheni ikawa buluu tupu, ikaandika kwamba hakuna mawimbi. Nikachomoa, nikachomeka. Nikageuza. Hakuna mawimbi.

"Nimemsikia," mama akasema.

"Umesikia mashine, mama."

"Ndiyo hivyo, nimesikia."

Nilirudi kwa fundi nimepandwa na mori. Akaniambia kwa utulivu kwamba TV yangu ndiyo yenye shida. Nikamwambia TV haina shida, shida iko mdomoni mwake, na kama ana mama aende akamuulize hukaaje kungoja. Watu waliokuwa wakinunua vocha wakageuka. Naye akainama chini ya meza, akatoa kiboksi cheusi kidogo, upande mmoja matundu ya rangi tatu, upande wa pili tundu bapa, na waya ya kuchomekwa kwenye chaja ya simu.

"Hii sasa ndiyo inabadilisha," akasema. "Ile ya jana inaunganisha tu, haibadilishi. Gemu ya kitambo inaongea lugha yake, na hii TV inaongea yake."

"Na ulijua hivyo jana?"

"Nilikuwa nafikiria itashika, madam."

Nilimtazama mpaka akaangalia pembeni. Nikakichukua kiboksi.

Hicho kilishika. Nilipowasha, televisheni ilipepesa, ikawa nyeusi, kisha ule mlio wa mwanzo ukatoka, ule wa chini unaopanda kama pumzi ya mtu anayeamka. Nilisahau kwamba naufahamu mwilini kiasi kile. Kila siku baada ya laasiri nyumba hii ilikuwa ikiusikia. Mama alishika kifua. Mimi nilikaa chini pale pale, kwa maana nusu yangu ilikuwa ikimngoja aseme, dada, nipishe, unaniziba.

Kisha maandishi yakaja: sidii haisomeki. Nikaitoa, nikaipangusa kwa kanga, nikairudisha. Ilizunguka ndani, ikakwaruza, ikanyamaza. Haisomeki.

Nilimwambia mama kuna kosa dogo. Yeye akauliza kama kosa hilo liko kwenye mashine au kwenye mtoto. Sikuelewa, nikamwambia kwenye mashine. Akashusha pumzi. Siku zile macho yake yalikuwa yakizidi kufifia, alishaanza kumimina chai nje ya kikombe na kusema ni kikombe kimesogea.

Fundi alipoifungua ile mashine mbele yangu, alirudi nyuma hatua moja.

"Madam, hii ilikuwa inakaa msikitini?"

Harufu ilijaa duka. Ubani. Ubani wa miaka yote, umelala mle ndani, umetoka kwa pamoja. Mteja mmoja wa kike, mwenye buibui, akasema taratibu, "Allah amrehemu," bila kuniuliza ni nani. Ndani ya mashine kila kitu kilikuwa na rangi ya chai ya rangi, kimepakwa utando unaonata. Na lile jicho dogo la kioo linalosoma sidii, fundi akanionyesha kwa ncha ya bisibisi, lilikuwa na ukungu wa kahawia, halioni kitu.

Nilisimama pale nikajua ni nani aliyelipofusha. Mama, kwa mkono wake, kwa makaa na dua, kila Alhamisi, akimtunza. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga kelele. Fundi akachovya pamba kwenye spiriti, akaanza kulisafisha jicho lile polepole, na safari hii hakusema neno. Alipomaliza akanionya jambo moja: ile kadi ndogo inayotunza wachezaji ni ya zamani, ikiwa mashine itaniuliza kama nataka kadi ifutwe ianze upya, nisikubali hata kidogo, nizime kila kitu nimpelekee. Ukikubali, alisema, kila kitu kimeenda.

Ilikuwa Alhamisi. Nilirudi na mashine mapajani njia nzima, nimeikumbatia. Mama aliniuliza ilikuwa na nini. Nikasema vumbi.

Baada ya laasiri nilifunga mlango wa mbele, nikaunganisha waya, kiboksi, chaja. Mama alisogeza mkeka mpaka akawa karibu na ukuta. Mlio ukatoka. Sidii ikazunguka, na safari hii haikukwaruza. Yakaja majina ya gemu, nyasi za kijani, kelele za watu. Kisha kikaja kisanduku cha maandishi, kimekatwa ukingoni kwa sababu picha haikuenea vizuri kwenye televisheni ile, na nikaona neno kadi, na ndiyo, na hapana, na katikati yake nusu ya sentensi haipo. Nikafikiri: nikibonyeza vibaya nitamuua mara ya pili, na safari hii ni mimi, si lori.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza.

"Wananiuliza swali."

"Swali gani?"

"Sijui, mama. Limekatika."

"Basi sema Bismillahi ujibu."

Nilisogea mpaka pua ikagusa kioo, nikasoma herufi moja moja zilizobaki. Halikuwa swali la kufuta. Lilikuwa linauliza kama nataka kupakia kilichohifadhiwa. Nikasema Bismillahi, nikajibu ndiyo.

Jina la mama likatokea, la timu.

Niseme ukweli, picha ilikuwa mbaya. Televisheni ya kichogo ilikuwa na wema wake, ilizichanganya rangi zikalainika, ukaona mtu. Hii mpya haikuficha kitu. Nyuso zilikuwa vipande vya mraba, nyasi zinatetemeka, na picha yote imevutwa pembeni ili kujaza upana, hata wachezaji wote wamekuwa wanene. Nilimtafuta winga wa kulia. Nilimwona amesimama kwenye mstari, na moyo ukanivunjika, kwa sababu nilichokiona ni visanduku vya kahawia vilivyopangwa. Nikawaza nimemfanya mama angoje siku zote hizi kwa ajili ya visanduku.

"Huyo," mama akasema. "Huyo hapo."

Nikageuka nikamtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anatumia jicho la kulia ambalo ndilo lililokuwa na nuru zaidi. Macho yangu mazima yaliona visanduku. Macho yake, yenye ukungu, yalivichanganya vikalainika, kama kichogo kilivyokuwa kikifanya.

"Amenenepa," akasema. "Alhamdulillahi. Huko aliko amenawiri."

Rimoti ilikuwa pajani mwangu. Najua kitufe cha kurudisha picha kwenye upana wake, hotelini nakibonyeza kila wiki. Kidole kilikuwa juu yake. Nikaiweka rimoti chini ya mto.

Mpira ukaanza. Mimi si mchezaji, nilikuwa nikibonyeza ovyo, lakini nilimpa mpira, nikamwambia akimbie. Hakukimbia. Alisimama kidogo, kisha akaondoka. Nikabonyeza tena, akakawia tena, kisha akatii. Ni kile kiboksi, kinachukua muda kubadilisha, fundi alishanieleza. Nilijua hivyo vizuri, na bado hofu iliniingia. Nilikuwa nikimwita, naye alikuwa akingoja kabla ya kuitika.

"Anachelewa," nikasema.

"Nilimfundisha mimi," mama akasema, na alisema kwa fahari. "Asiitike mwito wa kwanza."

Basi nikawa nabonyeza mara mbili. Na akakimbia. Alikimbia pembeni mwa uwanja, mikono inaning'inia kama ya mtu aliyebeba ndoo mbili, na mama akaanza kumwongelesha taratibu, maneno ambayo ni yake na sitayaandika. Alimweleza na habari za macho. Nilitazama mbele tu, nikaendelea kumkimbiza, machozi yananiingia mdomoni.

Baada ya muda mama akasema, "Mbona anavuta miguu?"

"Amechoka. Gemu hii mtu akikimbia sana huchoka."

"Amekimbia kweli. Na hao wa akiba ni nani na nani?"

Nikasimamisha mchezo, nikafungua orodha. Nikamsomea majina ya watu tusiowajua, ya kigeni. Mwisho kabisa likaja la baba.

"Baba yuko," nikasema.

"Bado amekaa pale?"

"Bado."

Mama alikunja ncha ya kanga, akaikunjua. "Mtoe mwanangu," akasema. "Babako usimguse. Weka mwengine yeyote. Mtoe huyu aende akakae na babake."

Sikutaka. Nasema wazi, sikutaka. Ndiyo kwanza nimempata. Nilikaa na pedi mkononi, mama naye hakunihimiza. Nikachagua mgeni mmoja, nikathibitisha, nikaurudisha mchezo. Mpira ukatoka nje, filimbi ikalia, na picha ikasogea karibu na mstari. Akaja. Hakukimbia, alitembea, akija upande wetu, mikono inaning'inia. Mama alikuwa ameinuka na kusimama mbele ya televisheni, paji la uso karibu liguse kioo. Mdogo wangu akauvuka mstari mweupe, akapita mbele ya uso wa mama, akatoka nje ya picha.

Mama aliweka kiganja pale ukingoni alipotoweka.

"Nimemwona," akasema. "Amekwenda kwa miguu yake."

Kisha akasema Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, yote, mpaka mwisho, bila kukwama. Akaokota kanga yake, akatoka uani kwa kupapasa ukuta, akaenda kujiandaa na magharibi. Hakuuliza chetezo.

Mimi nilibaki sakafuni. Sikuzima. Mchezo uliendelea bila kuguswa, wageni wanakimbizana, na kule mwisho kabisa, golini, likawa limesimama lile jibaba lenye kipara, jina langu mgongoni. Baba na mwanawe walikuwa nje pamoja. Golikipa alikuwa amebaki mle, mikono mbele, anangoja. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma mimi, na nikamkasirikia marehemu kwa kuniweka pale.

Hapo nikaitwa.

Jina langu, mara moja, kutoka mahali nisipopaona. Nywele zikanisisimka mpaka kisogoni. Sikuitika. Niliweka pedi chini polepole, nikakaza macho kwenye mlango wa uani, nikangoja.

Nikaitwa tena.

"We! Maji ya kutawadha yako wapi? Ndoo siioni."

"Abee, mama," nikasema. "Nakuja."